Robe Niliyoshonewa Nikiwa Hai

Nilipokuwa mtoto, mtaa mzima wa kwetu Kabondo ulijua umri nitakaofia. Nilikuwa SS, yaani nilizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaotesa mifupa na kuyageuza macho kuwa ya manjano, na ilijulikana kwamba mtoto wa SS hafikishi miaka kumi na nane. Nani alilisema neno hilo kwanza, hakuna aliyejua. Lilisemwa sokoni, lilisemwa kwenye foleni ya maji, tena lilisemwa mbele yangu, kana kwamba ugonjwa ulikuwa umeniziba na masikio.

Nayakumbuka haya kwa hasira, na aliyeichochea hasira yenyewe ni kitabu. Neema, binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na mitano na husoma chochote anachokipata. Mwezi uliopita aliniletea riwaya ya vijana ya kutoka ng'ambo. "Tantine, soma hii," akasema. "Iko juu ya mutu kama weye." Niliisoma kwa siku mbili, nikatamani kuitupa mtoni. Msichana wa kitabuni ana ugonjwa wa damu, na ni mzuri kupindukia. Hajichafui kitandani. Hatapikii watu. Hapigi kelele hadi majirani wagonge ukuta. Anaumwa kwa adabu, anawagawia wazima maneno ya busara, na akiwa na miaka kumi na saba anakufa dirisha likiwa wazi, kila mtu akiwa amejifunza jambo. Kumi na saba! Mwandishi wa ng'ambo na mama zetu wa foleni ya maji wameafikiana bila kuonana.

Mimi nilipobanwa na maumivu niling'ata kitenge mpaka kikatoboka. Papa alinipakia kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, akatembea kando yake akinishikilia nisianguke, na njia nzima ya hospitali nilimtukana. Sikuwa na busara hata chembe.

Lakini nilitaka kueleza habari ya robe, yaani gauni. Kwetu msichana akifa hajaolewa huzikwa kama bibi harusi: robe nyeupe, glavu nyeupe, maua ya plastiki kichwani. Nilipokuwa na miaka minane, Mama alipata satini nzuri kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, akaona hakuna haja ya kungoja. Akamwita Tonton Kasimu, fundi wa kushona wa mtaa wetu, nikapimwa. Tonton aliacha upindo mpana kwa ndani, chini na ubavuni, ili robe iongezwe kadiri ninavyokua. Mama hakuwa mkatili. Aliniogopea aibu ya kuzikwa na nguo ya kuazima. Basi kila mwaka kabla ya Pasaka nilisimama juu ya kigoda, Tonton akafumua na kushona tena, huku dada yangu Furaha, aliyenizidi miaka mitano, akishika pini na kunichekesha.

"Bibi arusi, bwana yako iko wapi?" aliniuliza.

Nilicheka. Moyoni nilikuwa naomba.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili, Koko, yaani bibi yetu mzaa Papa, alikuja kutoka Bengamisa na mkungu wa ndizi, akatukuta katika kazi hiyo hiyo. Aliutua mzigo, akaiangalia robe, akamwangalia Mama.

"Ile ni ya nini?"

"Ya siku yake, Mama," mama yangu akamjibu mkwewe.

"Mutoto iko anasimama, iko anacheka, na weye unamushonea nguo ya kaburi? Ondosha. Robe kama ile inatafutaka mutu. Haitalala mu sanduku bure."

Mama alijibu kwa heshima kwamba ni satini tu.

"Bon," Koko akasema. "Miye nimesema."

Baada ya miezi miwili Furaha alishikwa na homa. Jumatatu alikwenda kuteka maji, Jumanne akalala, Alhamisi asubuhi alikuwa amekufa. Malaria iliyopanda kichwani, alisema muuguzi. Furaha, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumhesabia miaka! Ndani ya nyumba hapakuwa na nguo nyingine nyeupe, wala hapakuwa na muda wa kuitafuta. Tonton Kasimu alifumua upindo wote, na bado vifundo vya miguu vilionekana chini ya robe, wakamvisha soksi zake za shule.

Niliitwa kufunga vifungo vya kifuani, kwa kuwa vilikuwa vidogo na mimi nilivizoea. Mama alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Aliniangalia juu ya mwili wa dada yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Weye uliombaka nini?"

Nilifunga kifungo kilichofuata. Wanawake waliokuwa chumbani walisikia, na kufikia jioni, pale matangani, hukumu ilikuwa tayari: mgonjwa amebadilishana na mzima. Macho yangu ya manjano yakawa ushahidi. Maneno ya Koko nayo yakawa ushahidi. Nilipoketi kula, watoto wenzangu walivutwa mikono na mama zao, wakahamishwa na sahani zao. Ndipo Koko akaja, akakaa chini kwa shida, akamega lituma, ndizi za kupondwa, katika sahani yangu.

"Nilisema robe," akawaambia, na uani pote walisikia. "Sikusema mutoto."

Aliendelea kula na mimi mpaka sahani ikaisha, nami nampenda kwa sahani ile hadi leo.

Siku niliyotimiza kumi na nane nilikuwa nafua nguo. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua mara mbili. Sasa nina miaka thelathini na sita, nafundisha shule ya msingi, bado naumwa, na wengi kati ya walionihesabia miaka wamenitangulia. Sijawalilia sana.

Kitabuni uko ukurasa mmoja wa kweli, na lazima niutendee haki. Msichana anamwona rafiki yake akipanda ngazi mbio, anawaza: afadhali ugonjwa huu ungekuwa wake. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilipokifungua tena nikakuta mwandishi ameingiwa na woga, amemtubisha yule mtoto kabla ukurasa haujaisha, rafiki amemkumbatia, na hadithi tamu imeendelea. Kwa hilo sitamsamehe. Aligusa kidonda cha watu halafu akanawa mikono haraka.

Mama ni mzee sasa, anakaa kwangu. Juzi asubuhi alikuwa uani anachambua pondu, majani ya muhogo, nami nikakaa karibu yake. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Labda hasira ya kitabu ilikuwa haijanitoka.

"Mama, ile siku uliniuliza niliombaka nini."

Hakuuliza siku ipi.

"Niliombaka isikuwe miye," nikasema. "Kila mara Tonton alinivalisha ile robe. Furaha sikumutaja, Mama. Lakini niliombaka."

Aliendelea kuchambua, jani moja, jani lingine, kisha mikono yake ikasimama.

"Na miye," akasema. "Niliombaka isikuwe weye. Furaha sikumuwazaka hata siku moja."

Tulilia sote wawili, vibaya, kwa makamasi. Miaka ishirini na minne nilidhani Mama alikuwa ananishtaki, kumbe alikuwa anatafuta mwenzake. Nilivuta kikapu, tukamaliza pondu pamoja, na sidhani kama kuna busara yoyote tuliyojifunza.