Mbavu za Nguva Jabalini

Niliporudi kijijini kwetu kwenye ghuba ya Tungue, baada ya miaka ya kuishi ugenini kwa sababu ya vita, sikuanza na nyumba. Nilijua imeungua. Nilishuka moja kwa moja pwani, kwenye jabali tulikokuwa tukivunja mawe ya chokaa na bibi yangu, nikakuta pamechimbwa mpaka ndani. Nilikaa mchangani, ndugu yangu.

Nikueleze palivyokuwa. Kila kiangazi bibi alituchukua, mimi na binamu zangu, kwenda kuvunja mawe. Tulibeba muhogo wa kuchemsha na kipande cha papa mkavu, na asubuhi nzima zilisikika nyundo na watu wakitaniana. Mawe yakishaungua kwenye tanuri, bibi aliyamwagia maji, nayo yakachemka na kupasuka, mvuke mkali ukatuingia puani. Tulirudi nyumbani weupe mpaka kope.

Ndani ya mawe yale mlikuwa na konokono na chaza waliogeuka jiwe. Sisi tuliwachezea tu. Kiangazi kimoja jirani yetu, fundi wa kujenga, alibandua bamba la jiwe, zikatokea mbavu nene, zimepangana kama za mtu aliyelala ubavu. Wengine walisema ni maiti, azikwe. Mwalimu wa eskola, shule yetu ya kijijini, akapiga picha kwa simu akaituma kwa wataalamu, na haukupita muda akaja mtafiti kutoka Maputo, mama mmoja tuliyemwita profesora.

Alituambia ni nguva wa zamani, wa kabla ya mtu yeyote kuwepo duniani, akaomba upande ule usivunjwe tena. Fundi alikasirika, maana ndio uliokuwa na mawe laini.

"Mnyama huyu kafa zamani, mama," alimwambia. "Mimi nina watu wanangoja nyumba."

Bibi ndiye aliyekata maneno. "Tutahamia upande wa pili. Mawe yapo."

Upande wa pili ulikuwa mbali, na mawe yake magumu. Tulitoka malengelenge, tukanung'unika, bibi hakujali. Alasiri alikwenda kukaa na profesora, wakipangusa vumbi kwa brashi, akicheka kicheko ambacho nyumbani hatukukizoea. Fuvu lilizungushiwa vitambaa na jeso, ule unga wanaofungia mguu uliovunjika, likapelekwa Maputo. Mbavu ziliachwa mpaka kiangazi kingine. Bibi alizifunika kwa makuti, na kila mvua ikikatika alikwenda kuangalia.

Kabla ya kiangazi hicho vita vikatufikia, tukakimbia. Bibi alifia kambini, mbali na bahari, akiniuliza kama makuti yamebadilishwa.

Fundi alinikuta palepale mchangani. Alinipa pole ya bibi, kisha akasema kabla sijauliza, "Nilizivunja mimi. Tuliporudi, upande wa pili watu waliogopa kwenda. Watoto walikuwa wanalala chini ya turubai. Nilichoma kila jiwe nililolipata."

"Na mbavu?"

"Na mbavu, mwanangu. Nilikuwa nikimtaja bibi yako huku napiga nyundo."

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa. Nilipopanda kijijini niliwakuta wajukuu zake wamejilaza barazani, kwenye nyumba yenye kuta na mlango.

Kesho yake nilimpigia profesora. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na bibi yako, anasemaje?" Kumbe hakuna aliyempa habari. Ikabidi nimwambie na hilo.

Siku hizi tanuri letu limeota majani. Binamu zangu wametawanyika, wengine Pemba, wengine Nampula, na mmoja hatujui alipo. Profesora anasema huenda jabalini bado kuna mifupa mingine, na njia ikitulia atakuja, nimwonyeshe pale tulipofanya kazi. Nimemwambia aje. Lakini nimeshashuka tena mara kadhaa kupatafuta, na sijui nitasimama wapi nimwambie kwamba palikuwa hapa.