Mama Rudisha hataki kompyuta yake isasishwe

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, viti sita vya chumbani vimeshakaliwa na cha saba ni ndoo iliyogeuzwa. Mama Rudisha anapangusa hedi za deki ya video, vile vichwa vinavyousoma mkanda, kwa pamba yenye spiriti, anaichungulia pamba, anaitupa, anachukua nyingine. Ya tatu inatoka nyeupe. Hapo ndipo anapougusa mkanda.

"Leo atakayekohoa atanitambua," anasema bila kugeuka.

Wanacheka, lakini kwa tahadhari. Msusi wa chumba cha jirani, aliyekuja na kitana mkononi na kumwacha mteja wake nusu kichwa, anajifunika mdomo kwa kiganja.

Mkanda wenyewe ni wa harusi ya mkunga mstaafu, ndiye yule aliyekaa mbele kabisa na mkoba magotini. Una miaka thelathini na mmoja. Ulishakatika mara moja ukaungwa, na ukungu umeutafuna pembeni. Kwa makadirio ya Mama Rudisha, umebakiza kuzunguka mara moja tu. Baada ya hapo hataki kuahidi kitu.

Mama Rudisha ana miaka hamsini na mbili, na nusu ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki cha hatua nne kwa tano, ghorofa ya chini, kati ya saluni na duka la balbu. Zamani alikuwa akikodisha mikanda ya sinema. Mteja aliyerejesha mkanda bila kuurudisha mwanzo alirudishwa yeye mwenyewe kutoka mlangoni, na huko ndiko lilikotoka jina. Hata watoto wake wanaliitikia shuleni.

Sinema zilipohamia kwenye simu, wenzake waliuza deki zao kama vyuma chakavu. Yeye alizinunua. Leo anazo tisa: mbili zinafanya kazi na saba zinatoa vipuri. Kazi yake sasa ni kuchukua harusi, mahafali na siku za kuzaliwa za watu kutoka kwenye mikanda na kuziingiza kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi, ili mwenyewe akazitazame nyumbani kwenye televisheni.

Ni kazi isiyo na njia ya mkato. Mkanda wa saa mbili unataka saa mbili. Lazima mtu akae nao, maana ukianza kujikunja ndani ya deki na hakuna wa kuukimbilia, basi tena. Kwa siku anamaliza mitatu. Mmoja unampa hela ya mboga na mkate wa siku mbili, na mwezi ukiwa mzuri, kodi inalipika bila kumkwepa mwenye nyumba.

Na kwa kuwa mkanda hauwezi kuachwa peke yake, chumba nacho hakikai peke yake. Watu huja kutazama harusi za watu wasiowajua. Wanauliza huyo mwenye gauni la kijani ni nani, wanajibiana, wanakosoana, wanakumbuka nani aliachika na nani alirudiana na nani. Msusi anasema hajawahi kuondoka pale bila habari mpya, hata kama habari yenyewe ina miaka ishirini.

"Nusu ya mikanda inakuja haina hata karatasi ya jina," anaeleza Mama Rudisha. "Bila hawa wambea wangu ningejuaje ni ya nani? Wanamtambua mtu kwa kisogo."

Amani hiyo ilianza kutibuka miezi miwili iliyopita. Kila akiwasha kompyuta, kabla hata chai haijapoa, ujumbe unajitokeza: toleo jipya la mfumo linakuja, jiandae. Chini yake, kwa herufi ndogo za kujificha, ikaandikwa kwamba programu anayotumia kuingizia mikanda itaacha kupewa kibali mwisho wa mwezi ujao.

Alipiga hesabu palepale kwa kidole juu ya vumbi la meza. Kwenye rafu kuna mikanda mia mbili na kumi na minne ya watu. Kwa wiki zilizobaki, hata akijibana, angemaliza tisini. Mingine mia moja na ishirini na minne ingebaki imenyamaza, pamoja na watu waliomo.

Aliyefurahia habari hizo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta mwenye kibanda ghorofa ya juu. Shemeji huyu hana kigugumizi. Kwa wiki nzima alikuwa akishuka na simu mkononi kuwasomea waliokaa mambo yanayokuja: toleo jipya litaifanya picha iwe kali mara nne, litafuta chenga, litatuliza kelele, litawatambua watu kwa sura na kuwaandikia majina. Msusi alimuuliza kama litampunguza mtu mwili. Shemeji, bila hata kutabasamu, akajibu kwamba hiyo ameisikia iko kwenye toleo litakalofuata.

Mama Rudisha alimwacha amalize. Kisha akauliza swali moja.

"Linasikilizana na deki yangu?"

Shemeji alileta kompyuta yake ya mapajani yenye toleo la majaribio. Akachomeka nyaya tatu, wa njano, mweupe na mwekundu, kwenye kikasha cha kunasia picha, kinachoiunganisha deki na kompyuta. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili: kifaa hakitambuliki. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Akazima, akawasha. Deki ilikuwa ikizunguka vizuri tu, inasalimia, na mwenzake kauchuna.

"Watatengeneza," shemeji alisema. "Subiri litoke lenyewe."

"Mimi nasubiri. Mikanda haisubiri," akajibiwa.

Hata hivyo lile la kufuta chenga lilimwingia. Mama Rudisha anakiri mwenyewe, na anakiri kwa sauti ili wengine wasilisimulie vibaya. Wakati huo alikuwa ametoka kuuingiza mkanda wa mkunga kwenye kompyuta yake ya zamani. Picha ilijaa chenga na nyuma ya muziki kulikuwa na mvumo kama wa mvua juu ya bati. Akaona aibu kumpa mtu kazi ya namna hiyo. Akaibeba kwa flashi mpaka kwenye kompyuta ya shemeji, wakaisafisha, na ikatoka ikimeremeta. Muziki ukawa kana kwamba bendi imekaa sebuleni.

Kisha akafanya alichozoea kufanya kila siku. Alifuta ile ya awali, isiyosafishwa, ili kupata nafasi ya mikanda mingine.

Siku ya pili mkunga alirudi. Hakupiga kelele. Aliweka flashi mezani na kusema dada yake hayumo.

Mama Rudisha akaifungua. Dada mtu alikuwemo, anaonekana kabisa akipita na sinia. Akamwonyesha.

"Huyo ni picha yake," mkunga alisema. "Mimi nilifuata sauti. Alikuwa amekaa na wenzake nyuma ya mpiga picha, anasema watu. Zamani ukitazama unamsikia. Sasa nasikia bendi tu."

Dada huyo alifariki miaka miwili iliyopita. Hakupenda simu, hakuwahi kurekodiwa popote pengine. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa ni ule umbea wa nyuma ya muziki, na programu, kwa akili yake, ilihesabu kuwa ni kelele ikautuliza.

Mama Rudisha akaichomoa ile flashi, akaiweka kando.

"Nilimwambia kosa ni langu," anasimulia Mama Rudisha. "Si la kompyuta. Mimi ndiye ninayekaa humu kila siku nikisikiliza watu wanaongea juu ya mikanda. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba kile kinachoitwa kelele ndicho watu wanachokuja kukitafuta."

Mkunga alimjibu kwamba mkanda bado anao. Ndipo ulipoletwa na ukaonekana ulivyo. Ile mara ya kwanza ilikuwa imeupukutisha, na unga wa kahawia umejaa kwenye kasha. Mama Rudisha akaufungua kwa bisibisi, akauhamishia kwenye kasha jipya, akaukausha siku tisa ndani ya kopo la mchele.

Shemeji naye, aibu ilipomshika, alishuka na habari ya maana kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechimba akagundua kwamba ile programu ya zamani huomba kibali kila inapokutana na intaneti. Isipokutana na intaneti, haina wa kumuomba, na inaendelea na kazi zake.

"Kwa hiyo nimfungie ndani," Mama Rudisha alisema.

"Mfungie ndani. Asitoke, asipokee wageni, asiapdetiwe."

"Na wateja wangu walio mbali nawatumiaje?"

Shemeji alijikuna shingo, akatazama kompyuta yake ya mapajani, na hatimaye akaisukuma upande wa Mama Rudisha. Ya zamani iwe ya kupokea mikanda, mpya iwe ya kutuma. Akamwonyesha pia mahali pa kuzimia usafishaji. Kumbe palikuwepo siku zote, ndani ya orodha ya tatu. Walimtania mpaka akapanda ngazi kwa kukimbia.

Ndiyo maana asubuhi hii waya wa intaneti umeviringishwa na kufungwa kwa kipande cha kitenge, na watu saba wamekaa hawakohoi.

Mama Rudisha anabonyeza. Deki inaguna, inashika. Chenga zinapita kama kundi la nzige, kisha ukumbi unajitokeza, mapambo ya karatasi, bendi, bibi harusi mwembamba ambaye leo ni mkunga mstaafu. Mkono mmoja wa Mama Rudisha uko juu ya kitufe cha kusimamishia. Hauondoki hapo.

Dakika ya kumi na nne picha inayumba, inakatika, inarudi. Dakika ya ishirini na mbili, chini ya tarumbeta, sauti ya mwanamke inaingia, nzito, ya mtu mwenye kitu mdomoni.

"Mtazame bwana harusi anavyotembea. Viatu vya mume wangu hivyo. Akivikanyagia matope namvua hapohapo mbele ya wakwe."

Msusi anang'ata kitana. Mkunga ameinama mbele, mabega yanatikisika, na ni kicheko. Vilikuwa vya kuazima kweli, anasema, na vilirudi na matope.

Wanawake wa kwenye mkanda nao wanacheka. Tarumbeta inapanda, inashuka. Kisha ile sauti inarudi, safari hii chini zaidi, kana kwamba haimwambii mtu.

"Lakini jamani, mdogo wangu amependeza."

Mkunga anaufungua mkoba, anaufunga.

"Maisha yake yote aliniambia nilivaa kama pazia," anasema.

Saa nne kasoro dakika tano mkanda unafika mwisho. Mama Rudisha anahakikisha kazi imehifadhiwa, anainakili mara mbili, na hafuti kitu. Kidole chake kinakwenda kwenye kitufe cha kurudisha kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, kinasimama. Anautoa mkanda kama ulivyo, umeishia mwisho, anauweka kwenye kasha lake.

"Huu hatuurudishi," anasema. "Umeshafika."

Rafuni, pamoja na mipya iliyoletwa tangu hapo, imebaki mia mbili na kumi na mitatu. Anatarajia kuimaliza ndani ya miezi mitatu, kabla kile kikasha cha kunasia picha hakijachoka. Toleo jipya likitoka, yeye hatalichukia. Litakapojifunza kuzungumza na deki atalikaribisha, limwandikie hayo majina. Ila limeshapata mpinzani: amebandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta ya zamani, kwa kalamu nyekundu, inayomkataza yeyote kugusa kitufe cha kusasisha, na jina la kwanza kwenye katazo hilo ni la shemeji.

Mteja wa msusi amesimama mlangoni, nusu kichwa kimesukwa, anauliza atamaliziwa lini. Anaambiwa asogee, ndoo ina nafasi. Mkanda unaofuata hauna jina, na pengine yeye ndiye atakayewajua wenyewe.