Shikamoo Iliyokaribia Kukata Ekseli

Leo nimempigia kelele mzee wa watu.

Ami yangu, nduguye baba, ni fundi wa magari. Amemwekea Mzee Athmani ekseli mpya ya mbele, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, yenye chuma kinene zaidi, kwa sababu ya zamani ilimkatikia njiani akiwa na watalii. Leo tulikwenda kuijaribu kwenye mchanga wa Mambrui. Ikikatika tena, safari ya kesho hana.

Gari likazama.

Mzee akakata usukani mpaka mwisho, akakanyaga mafuta. Ukifanya hivyo, hata ekseli ngumu huvunjika. Ami, aliyekuwa nyuma akifukua mchanga, akaniambia, "Mbio! Mwambie anyooshe usukani!"

Nikafika dirishani. Na mimi nilivyolelewa...

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu! Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mtihani ulikwendaje?"

Gurudumu linanguruma, mguu wake uko palepale kwenye mafuta, na mimi najibu maswali!

Mara chuma kikalia.

"MZEE, TOA MGUU! NYOOSHA USUKANI!"

Hata mimi sikujua nina sauti hiyo.

Mzee akatii. Akanyoosha, akaondoka polepole, gari likatoka.

Mkewe, Bi Zuhura, aliyekaa kando yake, akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Miaka yote namkataza, hanisikii! Mwanangu, njoo ukae kwetu!"

Ami akaingia chini ya gari, akatoka na mchanga ndevuni. "Nzima!"

Jamani, semeni kweli. Nyinyi mngeamkia kwanza?