CD ya Pili Ilifika Vipande

Kasha lilikuwa zima.

Halina ufa, halina mkwaruzo, pembe zake zote nne zimekaa sawa. Lakini CD iliyokuwamo ndani ilikuwa vipande vipande, kama papa wa kukaanga aliyevunjwa kwa mkono.

"Safari hizo," Muhiddin akasema huku anatikisa kichwa. "Mizigo ya watu wanairusharusha tu hawa wapakiaji."

Sote tukaamini. Kaka yangu akageuza uso ukutani. Mimi nikaviokota vile vipande kimoja kimoja, na kidoleni nimevaa pete ya Muhiddin.

Wadau, mpaka leo nikipita sokoni Darajani nikaisikia harufu ya supu ya pweza, huziba pua nikavuka barabara. Si kwamba pweza ana kosa. Someni mpaka mwisho, mtanielewa.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na mbili, tunakaa mtaa wa Kiponda, Visiwani. Baba alikuwa keshafariki. Nyumbani tupo mimi, Mama, na kaka yangu mkubwa, Hamad.

Hamad alikuwa anasoma chuo, Tunguu. Siku moja akapanda ngazi za darasani, akakaa katikati ya ngazi, hakuweza kunyanyuka tena. Kumbe moyo. Valvu imeharibika tangu homa za utotoni, na sisi hatuna habari. Madaktari wakasema lazima apelekwe India akapasuliwe, asubiri zamu yake.

Akarudi nyumbani kusubiri.

Sasa pale mtaani palikuwa na jamaa anaitwa Matar, ana chumba cha geimu. Tivii, pleisteshen, feni linalopiga kelele kuliko upepo wake, na harufu ya miguu. Vijana wote wanacheza mpira tu humo, matusi mtindo mmoja.

Mpaka Matar alipoleta ile geimu ya roboti.

Roboti lenyewe refu kuliko mnara wa msikiti. Vijana wakalibatiza Jabali. Kifuani mwake anakaa msichana mmoja, Nira, ndiye anayeliendesha. Kaka yake Nira kachukuliwa na maadui, na yeye anamtafuta mji hadi mji, anapigana na maroboti mengine, akishinda anajiongezea silaha na nguvu.

Lakini haikuwa mapigano tu. Ilikuwa hadithi. Watu wa humo ndani wanazungumza, wanakuuliza, na wewe unachagua la kujibu. Neno moja baya, unampoteza rafiki moja kwa moja.

Maneno yote Kiingereza. Na pale kwa Matar aliyekuwa anakijua sawasawa ni Hamad peke yake.

Wakamwekea kiti chenye mto karibu na tivii. Hachezi, pumzi hana. Anasoma tu, lakini kusoma kwenyewe! Alikuwa anaigeuza ikawa ya kwetu.

"Kamanda anasema: Ewe Nira, ukitoka nje ya lango hili, mimi na wewe hatujuani!"

"Mjibu hatutaki kujuana!" vijana wanapiga kelele.

"Subirini nyie, ana hila huyu!"

Watu walikuwa wanasimama dirishani kumsikiliza. Mpira ukakosa mchezaji. Mama naye, Bi Mwanapili mzima na baibui lake, Hamad akirudi tu anamuuliza: "Haya, keshampata kaka yake yule mtoto?"

Ugonjwa ule ulimfanya kaka yangu awe mtu wa kuonewa huruma. Pale kwenye kiti chenye mto alikuwa mtu wa kusubiriwa.

Basi siku moja wakafika mwisho wa CD ya kwanza. Jabali kapigana na roboti jeusi, adui mkubwa. Kalibana chini, kang'oa mlango wa kifua chake. Mwanga mkali ukatoka. Mkono wa mtu ukajitokeza...

Yakaja maandishi: weka CD ya pili.

"Iko wapi?" Hamad akauliza.

Matar akakuna kichwa. "Yakhe, mimi nimeipata hiyo hiyo moja."

Loo! Kiponda nzima ikagawanyika. Wapo wanaosema mle ndani yumo kaka yake Nira. Wapo wanaosema baba yake. Watu waligombana barazani kwa ajili ya mkono mmoja.

Baada ya hapo Hamad akazidiwa. Hakuweza kutoka tena. Miguu ikavimba, analala amekaa, kaegemea mito. Lakini kila siku anasema: "Bahiya, nnataka nimjue yule aliyemo ndani kabla sijapanda ndege."

Nikampigia simu Shangazi Reem, Maskati. Masikini, alizunguka maduka mpaka akaipata, akaifunga ndani ya kanga, akampa msafiri. Msafiri akaiacha Darajani, dukani kwa Muhiddin, tukijua ndipo mahali pa salama.

Muhiddin sasa.

Alikuwa anauza simu. Kijana mtaratibu, kanzu haina doa. Kaleta posa, Mama kakubali, na mimi, nisiwafiche, nilikuwa nampenda.

Tangu Hamad alipolala kitandani, Muhiddin akawa haachi siku. Alasiri inamkuta mlangoni, kopo la supu ya pweza mkononi. "Shikamoo Bi Mwanapili, nimekuja kumtazama mgonjwa."

"Marahaba mwanangu, Mungu akulipe."

Anakaa ukingoni mwa kitanda. Anaushika mguu wa Hamad uliovimba, anaubonyeza kwa kidole gumba, anakitoa kidole, anatazama. Pale alipobonyeza panabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Analitazama lile shimo mpaka lijae tena.

Mimi nipo mlangoni nimeshika sinia la chai, moyo unayeyuka. Nasema, mwanamume gani huyu asiyeona kinyaa kumshika mgonjwa miguu?

Akitoka ananiuliza chini chini: "Jana kalala? Au kakesha anahema? Daktari kasema nini safari hii?"

Na mimi namweleza kila kitu.

Haya. CD ikaja vipande, kama nilivyosema. Siku chache baadaye zamu ya India ikatoka, tena ghafla: jitayarisheni, mnaondoka kesho kutwa.

Hamad akanambia, "Nenda kwa Matar kanichukulie memori kadi. Nnataka niwe nayo. Nikirudi tuendelee pale pale."

Nikaenda baada ya sala ya adhuhuri. Mwanamke kuingia kwenye chumba cha geimu haikuwa kawaida, kwa hivyo nikasimama nje, karibu na dirisha, nisubiri mtu atoke nimtume.

Ndipo nikasikia.

"Vespa ishakwenda hiyo, Matar! Mtu anaondoka na hajamaliza."

"Haijakwenda. Tumesema kabla ya Ramadhani. Ramadhani bado."

"Huko India atachezea kwenye kitanda cha kupasuliwa?"

Wakacheka.

"Tena ikiwa atarudi," mwengine akasema. "Muhiddin mwenyewe kasema shimo la mguu sasa linachukua muda kujaa. Yeye ndiye anayempima."

Sikuelewa mara moja. Yaani masikio yalisikia, akili ikakataa kupokea.

Nikausukuma mlango. Roboti limesimama kwenye tivii, pedi ziko mikononi mwao, hakuna anayecheza.

"Matar," nikasema. "Vespa gani?"

Matar akaanza kufuta meza isiyokuwa na kitu. "Dada Bahiya, ni utani wa vijana..."

"Vespa gani?"

Akasema. Walikuwa wamewekeana kamari, yeye na Muhiddin. Vespa ya Matar kwa friji la Muhiddin. Hamad ataisoma ile geimu mpaka mwisho kabla ya Ramadhani, au hataimaliza? Na kila mtu mle ndani alijua kutoimaliza maana yake nini.

"Lakini mimi niliweka kwamba ataimaliza!" Matar akasema, tena kwa fahari, kama anataka nimshukuru. "Muhiddin ndiye aliyeweka kwamba haimalizi!"

Nilitazama nyuso zile. Vijana niliokua nao, ambao kaka yangu aliwasomea mpaka sauti ikamkauka. Nikaona kama nimefunua sufuria nikakuta mabuu yanatembea.

Nikaichomoa memori kadi mwenyewe, nikatoka.

Njiani ndipo nikakumbuka kasha. Zima. Bila mkwaruzo.

Alasiri Muhiddin akaja kama kawaida. Nikamkuta ngazini kabla hajapanda. Hamad alikuwa juu, na moyo wake hautaki mshtuko, kwa hivyo kila nililolisema nililisema kwa sauti ya chini. Mpaka meno yaliniuma.

"CD umeivunja mwenyewe."

Hakushtuka. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka kesho, hakushtuka. Alitazama juu kuona kama Mama yupo, kisha akasema, "Nani kakwambia?"

"Ulikuwa unamletea supu au unakuja kumpima?"

"Supu nilileta kwa moyo mmoja, Bahiya. Wallahi. Lile jengine ni mchezo tu. Hata hao madaktari nao wanakisia, sasa mimi kosa langu nini?"

"Umeweka kamari kaka yangu afe."

"Sikusema afe! Nilisema hamalizi."

Nikaitazama pete kidoleni. Yeye akadhani nimelainika, akasogea, akashusha sauti ile niliyokuwa naipenda:

"Na ile Vespa nilikuwa siitaki kwa ajili yangu. Nilitaka nikupakie wewe, tukishaoana."

Jamani. Nilijiona nimepanda nyuma ya ile Vespa, baibui linapepea, chini yetu kaka yangu.

Nikainama pale pale kwenye ngazi, nikatapika. Supu yake ya jana, iliyobaki niliimaliza mimi. Nyengine ilimrukia kwenye kanzu.

Mama alikuwa amesimama juu, sijui tangu lini. Akashuka taratibu, akanivua pete kidoleni, akaitia ndani ya lile kopo la supu, akamkabidhi.

"Toka kwangu kimya kimya," akamwambia. "Mwanangu kalala."

Hamad tulimwambia Muhiddin kasafiri. Kesho kutwa yake wakaondoka, yeye na Mama. Mimi nikabaki kwa jirani.

Ramadhani ikaandama, Hamad yuko hospitali India, kifua kimepasuliwa. Mnajua nini kilitokea usiku wa mwezi kuandama? Muhiddin alikwenda kwa Matar kudai haki yake. Na Matar akampa! Wakapeana mikono kama watu waliouziana kitu.

Mwezi mzima alikuwa anapita na ile Vespa mbele ya nyumba yetu wakati wa kufuturu. Watu wanamwitikia salamu. Hakuna aliyemwambia kitu. Hilo nalo sijalisahau.

Hamad akarudi baada ya Iddi. Kakonda, ana kovu kutoka kooni mpaka karibu na kitovu, lakini miguu mikavu na anapanda ngazi bila kusimama. Mama alilia kwa kumuona anapanda ngazi tu.

Shangazi Reem akaleta CD nyengine, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Tukaazima pleisteshen kwa binamu yetu, tukafunga mlango, tukacheza sisi watatu.

Mlango wa roboti jeusi ukang'oka. Mkono ukatoka, kisha mtu mzima. Si kaka, si baba. Mzee tu! Hana udugu na Nira, kalazimishwa kuendesha, anaomba maji. Hamad alicheka mpaka akashika kovu. "Kiponda nzima tumegombana kwa babu wa watu!"

Kaka yake Nira alipatikana mbele huko, yu hai.

Usiku ule ule, Mama kaingia jikoni, nikaona Hamad sasa anaweza kubeba habari. Nikamwambia kaka yangu kwa nini sikuolewa na Muhiddin. Kamari, Vespa, CD, kidole mguuni. Yote.

Alinisikiliza, anazungusha pedi mkononi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Yote. Kamari waliiweka mimi nipo pale pale kwenye kiti, nimefumba macho. Walidhani nimelala. Na CD nilipoliona kasha tu, nilijua."

"Na supu yake ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nnakunywa."

"Na mguu ulikuwa unampa abonyeze?"

Akaiweka pedi chini. "Nilidhani nnakufa, Bahiya. Baba hayupo. Ningelisema, ungelimfukuza, na mimi nikaondoka, ungelibaki na nani? Nikasema basi. Anakuja kila siku, anaongea vizuri na Mama, na wewe unakaa unamsubiri umefurahi. Nikamwachia mguu."

Sikuweza kumtazama. Kile kinyaa nilichokuwa nacho kwa Muhiddin kilikuwa kikubwa, lakini nilikizoea. Hiki kilikuwa kipya, cha ile furaha yangu mwenyewe. Kaka yangu alikuwa analala pale, mtu anamkagua kama papai sokoni, na yeye anavumilia ili mimi nipate mume.

Nimeolewa baadaye, na mtu mwengine, Alhamdulillahi. Hamad yu hai, ana watoto, anasomesha Kiingereza.

Ninaloliomba kwenu ni moja. Mkiwa na mgonjwa ndani, msimhesabie mtu wema kwa sababu anakuja kila siku. Sikilizeni anauliza nini akiwa anatoka. Na nyie wagonjwa, kama mnaona mtu anawachezea, semeni. Msitununulie furaha kwa miili yenu. Sisi tulio wazima hatuitaki kwa bei hiyo.