Siku Bibi Alipogeuzwa Mwanamume

Nakumbuka asubuhi moja ya Riyadh, mwanangu, nimesimama mbele ya wasichana wa mwaka wa kwanza, na nyuma yao wamekaa wakubwa watatu wa chuo, kila mmoja na kalamu mkononi. Nafasi ya kuongoza idara ya Kiingereza ilikuwa wazi, na kila aliyeiomba alitakiwa kufundisha somo moja mbele yao. Hiyo ilikuwa zamu yangu.

Nakuandikia haya, wewe ambaye sikukuzaa lakini nakuita mwanangu, kwa sababu umeniambia umekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, na ndani yake utachukua masomo ya kuandika hadithi, kisha utafute kazi ya kufundisha Kiingereza chuoni. Ulikuwa unacheka kwa furaha. Mimi nilinyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Njia hiyo nimeipita hatua kwa hatua, na nilikuwa natafuta neno la kukuambia lisilokuwa la uongo.

Sisi tuliozaliwa Jeddah kwa wazazi wa Kizanzibari tunazungumza Kiarabu cha mtaani kama wenyewe, lakini karatasi zetu ni za wageni. Chuo ndicho kilichokuwa kafili wangu, yaani mdhamini, na ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, ilikuwa chini yake. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ukikatika huo, na ikama inakatika, nami narudishwa Zanzibar, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Mimi nilikuwa nakaa Riyadh kwa kaka yangu, mtaa wa Shumaisi. Mama yetu alikuwa Jeddah, Aziziya, nyumbani kwa ndugu yake, na miguu ilikuwa haimchukui tena. Mkuu wa idara hupewa mkataba mrefu. Ndiyo maana niliitaka ile nafasi, na ndiyo maana nilisoma uongozi jioni baada ya kazi mpaka macho yakaniuma. Nilitaka nisije nikatolewa katika nchi aliyomo mama yangu.

Kwa somo lile nilichagua hadithi ya bibi, mama yake mama. Mwalimu wetu wa uandishi, katika masomo yale ya jioni, alikuwa akituhimiza tusimulie habari za watu tunaowajua, nami niliona huyu namjua. Bibi alipofika Jeddah mara ya kwanza alipelekwa kwenye jumba lenye lifti. Mlango ulipofunguka akaona chumba kidogo, kisafi, kinawaka taa. Akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri nje, akaingia kwa mguu wa kulia na kutoa salamu. Lifti ikapanda. Makubadhi yakabaki chini, na bibi akaingia nyumba ya watu peku.

Nilisimulia kwa Kiingereza na wasichana wakanifuata vizuri. Hata mmoja wa wale wakubwa alitabasamu. Kisha msichana wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mis, huyu mwanamume ni nani?"

"Mwanamume gani?"

"Huyo aliyevua viatu."

Unajua, mwanangu, Kiswahili chetu hakina shida na hilo. Yeye ni yeye, awe mume au mke. Kiingereza kinatenganisha: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Kiarabu nacho kinatenganisha, kwa hiyo wale wasichana walikosea mengi lakini hilo hawakulikosea. Ni kosa letu sisi. Na kanuni yenyewe nilikuwa naijua, nimeifundisha miaka na kuwasahihisha wengine.

Nikaomba radhi, nikaanza tena, na sentensi ya pili nikasema "he".

"Mis, bibi yako ana ndevu?" akauliza mwingine, na darasa zima likaangua kicheko.

Nikaenda polepole, neno moja moja. Kila nilipomwona bibi akilini, ulimi ulimfanya mwanamume. Wale wakubwa waliandika. Nilimaliza somo huku mgongo umelowa jasho ndani ya abaya.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Nilipofundisha habari za watu wa vitabuni sikukosea kamwe, kwa kuwa nilikutana nao kwa Kiingereza. Bibi nilikuwa namwona kwa Kiswahili na kumtamka kwa lugha nyingine, na katika mwendo huo mfupi nikawa nampoteza.

Mkuu wa chuo, mwanamke tuliyemwita Daktura, aliniita ofisini. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake, na hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu hakuwa na kawaida hiyo.

"Ustadha, wewe ni mtu mwema, wallahi. Lakini mzazi akija kuniuliza mwalimu gani huyu, hajui kama bibi yake ni mwanamke au mwanamume, nimjibu nini?"

"Daktura, ulimi uliteleza tu. Nimefundisha hapa..."

"Najua. Halas, yamekwisha, ustadha. Kunywa kahawa."

Nafasi alipewa mwingine, na mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Nilipewa muda mfupi wa kutafuta kafili mwingine. Nikaenda Jeddah na sanduku langu na shahada yangu.

Nilimkuta mjomba ameketi sakafuni anamkanda mama miguu kwa mafuta. Mjomba alikuwa maalim, amesomesha Kurani watoto wa Kizanzibari wa mtaa ule tangu sijazaliwa. Sikusubiri hata nikaribishwe maji. Nilieleza yote, na nikamalizia kwa kusema, "Bibi ndiye aliyeniponza. Laiti nisingemtaja."

Mikono ya mjomba ikasimama.

"Ebo! Bibi yako ndiye kakufukuza kazi?"

"Sikusema hivyo, mjomba."

"Umesema, nimekusikia. Mamangu yumo kaburini, hana la kujibu, nawe unamtupia aibu yako. Waliokucheka wasichana. Aliyekufukuza huyo Daktura wako. Na wa kulaumiwa maiti?"

"Mwache, kaka," mama akasema. "Kachoka mtoto."

"Simwachi. Huyu kasomea uongozi. Kataka kuongoza watu, na kicheko cha watoto kimemwongoza yeye mpaka kwenye kumkana bibi yake."

Nililia, mwanangu, na wala sikuona haya kulia mbele yao. Nikamuuliza, "Basi nifanye nini?" Nilitaraji aya, au dua ya kusoma, au jina la mtu wa kumwendea. Mjomba alichukua mafuta akarudi kwenye miguu ya mama.

"Sijui," akasema.

"Hujui, mjomba?"

"Sijui, mwanangu. Nnajua kusali na kusubiri. Mengine sikufunzwa."

Siku zile nilimkasirikia kwa jibu hilo. Leo nimefika umri wake, na ninaona kwamba alinipa heshima kubwa. Hakunidanganya.

Muda ulipokuwa unakwisha, familia moja ya mtaa wa Al-Hamra, hapo Jeddah, ilikubali kuwa kafili wangu. Kazi ilikuwa kuwafundisha watoto wao Kiingereza, lakini kwenye ikama niliandikwa mtumishi wa nyumbani, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi waliyokuwa nayo. Chumbani nililala na Akinyi, Mkenya aliyekuwa akiwapikia, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu yake. Siku ya kwanza alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Kumbe wewe ndio ule wa masters? Na tunalala deka moja? Haki dunia!"

"Ndiyo mimi."

"Hiyo cheti yako nipe nifungie chapo. Angalau ipate kazi."

Tulicheka wote wawili tukashikana mabega. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua maji yamwagike, nikalia humo ili asinisikie.

Nilibaki. Kila Ijumaa nilikwenda Aziziya kumwona mama, na siku yake ilipofika nilikuwapo, na mikono yangu ilikuwa miongoni mwa mikono iliyomwosha. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anibakishe karibu naye, na alinibakisha. Namshukuru. Lakini kwa kuwa nimeahidi kutokudanganya, nakuambia pia kwamba kuna siku shukrani hiyo naiinua kama mzigo, na nikishaiinua inabidi nikae nipumzike.

Darasa la chuo sikuliona tena. Na hadithi ya bibi sikuiandika. Baada ya ukali wa mjomba nilijaribu kwa Kiingereza, kila ukurasa nikisikia kile kicheko. Nikajaribu kwa Kiswahili, nikakuta Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni na cha kusalimiana, hakiwezi kubeba kitabu, maana sikukisoma popote. Nikasema nitajifunza kwanza. Nimejifunza, kama unavyoona, nimesoma peke yangu mpaka uzeeni. Lakini nilipokuwa tayari, bibi alikuwa amekwisha kuondoka kichwani. Najua alichofanya na alikokwenda. Sauti yake siisikii tena, wala sijui alikuwa akitamka vipi jina langu. Mjomba amekufa, mama amekufa, hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Nenda kasome. Sikuzuii, na elimu si kosa. Lakini usiiwekee shahada masharti. Usiiambie kwamba lazima ikupe cheo, wala usiitegemee ikuweke nchini. Mimi niliitwika mzigo usiokuwa wake na ikaanguka nao. Kama unataka kuandika, waandike watu wako sasa, kwa lugha waliyosema nayo, kabla hata hujaingia darasani, wakingali hai wa kukusahihisha. Kiingereza kitangoja. Wao hawatangoja. Na siku utakapochekwa, maana utachekwa, usimtupie aibu hiyo yule uliyekuwa ukisimulia habari zake. Akikujia mtu amevunjika kama nilivyovunjika mimi, naye akakuuliza afanye nini, na wewe hujui, mwambie hujui, kisha ukae naye.

Ukiniuliza kama itakufaa njia hii, sijui.

Mwenyezi Mungu akufungulie milango ambayo kwangu ilifungwa. Akupe wanafunzi wenye haya na mkubwa mwenye huruma, na akikunyima hao, akupe kifua cha kustahimili. Akuhifadhie ulimi wako katika kila lugha, na wazazi wako wakuone ukisimama. Nakuombea hivi huku nikijua kwamba nimeomba mengi maishani na sikupewa yote. Namwomba Yeye yuleyule, kwa sababu sina mwingine wa kumwomba. Amin.