Makocha Waliopumzishwa

Nilikuwa kidato cha pili wakati klabu ya mji wetu ilipopata kocha wa sita, na kocha huyo alikuwa baba yangu. Nimeandika hilo haraka kabla sijaogopa.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani najua jibu, lakini mwalimu akinitazama sauti inakwama. Kitu nilicho nacho ni mwandiko, na mwandiko ndio ulioniingiza katika mambo ya mpira. Katibu wa klabu, mzee aliyeuza misumari na simiti karibu na kwetu, aliandika vibaya mpaka yeye mwenyewe akashindwa kusoma. Kila barua ya klabu niliinakili mimi.

Likizo ya Aprili akataka historia ya makocha, ya kumsomea diwani.

"Kaa hapo kwa mfuko wa simiti, uandike," akaniambia. "Wa kwanza alikuwa mwalimu wa praimari. Alipanga timu kwa urefu, kama gwaride. Andika alipumzishwa."

Wa pili alikuwa mwanajeshi mstaafu. Jumamosi aliwapandisha wachezaji vilima vya Iveti, Jumapili wakaingia uwanjani magoti yakitetemeka. Alipumzishwa. Wa tatu alitoka Nairobi na Sheng yake ya mitaani. Akipiga kelele, mabeki wetu walitazamana. Akapumzishwa. Wa nne alikuwa mhubiri, na ligi ni ya Jumapili, kwa hivyo hakuona mechi hata moja.

"Na wa tano?"

"Huyo tulifungwa kule Kithimani, tukampumzisha hapo hapo uwanjani, hata jasho halijakauka."

"Wakishapumzika, kuna aliyerudi?"

Katibu alicheka mpaka akashika kaunta. "Msichana, ukipumzishwa umekwisha. Lakini utamwambiaje mtu umemfuta, na kesho mko naye kanisani?"

Baba hakuyajua hayo. Alikuja kutoka Murang'a akiwa kijana, kuuza viatu vya mitumba, akamwoa mama hapa. Miaka yote hiyo wanaume wa soko walimwita mgeni, kwa utani, lakini kila siku. Kisha vijana wa soko aliowafundisha mpira jioni wakaifunga klabu katika mechi ya kirafiki, na kamati ikamwita. Siku ya kwanza mtu alipomwita Kocha mbele yangu, aligeuka kuangalia ni nani anaitwa. Tangu hapo alitembea tofauti. Hata mama aliona.

Likizo ya Agosti tulifungwa Muthetheni. Tukafungwa tena nyumbani. Siku iliyofuata Katibu akaniletea karatasi.

"Nakili vizuri. Na usiseme kitu nyumbani, hiyo ni siri ya kamati."

Nilisoma jina la baba juu, na chini yake: kamati imeamua upumzike kuanzia leo. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia andika wazi, mzee. Nilichukua rula, nikapiga mstari chini ya kichwa cha barua, nikanakili. Ulikuwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, na hilo linaniumiza mpaka leo.

Baba aliisoma akila chakula cha mchana. Akatabasamu.

"Hawa watu wako si wabaya," akamwambia mama. "Wameona nimechoka, wamenipatia likizo."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema. Wiki moja inatosha." Akaniinulia barua. "Huu mwandiko ni wako, eeh? Umenyooka sana."

"Ndiyo, Baba."

Ni hayo tu niliyosema. Wiki nzima alichora pasi kwenye vifuniko vya maboksi ya viatu. Alimhamisha winga wa kushoto kwenda kulia, akamrudisha. Alinionyesha, nami nikaitikia kwa kichwa. Kila asubuhi niliamka nikisema leo namwambia, na kila jioni nilikuwa nimemwambia habari ya maji au ya ng'ombe wa jirani.

Jumanne ya wiki iliyofuata, siku ya mazoezi, alivaa filimbi shingoni. Nikasimama mlangoni.

"Baba, usiende."

"Kwani kuna nini?"

Alinisubiri. Alinisubiri kweli, hata akaweka chini wavu wa mipira. Nikasema, "Naona kama mvua itanyesha."

"Mvua gani? Hakuna hata wingu," akasema, akaenda.

Alirudi kabla jua halijashuka, nikiwa nafua uani. Hakuwa na wavu. Akakaa juu ya jiwe la kufulia, karibu na karai.

"Kuna kocha mwingine," akasema. "Nimemsalimia. Nilidhani ni wa kunisaidia, nikamwonyesha winga wangu. Vijana wakainama. Golikipa ndiye aliniambia, 'Kocha, si ulipumzishwa?'"

Nikaendelea kusugua shati lile lile.

"Hilo neno, ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

Nilingoja anipigie kelele. Alifungua kamba za viatu, moja, halafu nyingine, polepole kama mtu anayevaa badala ya kuvua.

"Kuongea najua kunakushinda," akasema. "Lakini ungeniandikia hata mimi, kama unavyowaandikia wao."

Akaingia ndani bila viatu. Nilimsikia akimweleza mama kwa sauti ya chini sana, kana kwamba mimi ndiye niliyestahili kufichwa siri.