Chumvi ya Miaka Minne

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata sasa nikiwa ndani ya eda. Wanaokuja kunitazama hunisikia nikicheka kabla hawajavuka ukumbi, wakadhani majonzi yamenipanda kichwani. Sivyo. Huwa nimekumbuka chumvi.

Kisa hiki kilikuwa cha marehemu mume wangu, Kasimu. Alikisimulia katika kila harusi ya ukoo wetu, nami nikijifunika uso kwa upande wa kanga. Sasa Kasimu tumemzika. Juzi ukaja wewe, unayeolewa mwezi ujao, ukaniuliza, "Bibi, nyumba mpya inataka fedha ngapi kwa mwezi, za sukari na sabuni na mafuta ya taa?" Nikaona hakuna tena wa kukusimulia ila mimi. Basi nimeomba kalamu. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na herufi alizonifundisha Kasimu mwenyewe, kwa hiyo univumilie.

Vita vya Maji Maji vilipoanza nilikuwa nimeolewa miezi mitano. Nyumba yetu ilikuwa bondeni Rufiji, upande wa kaskazini wa mto, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Kibiti. Tulikuwa watu watatu: mimi, Kasimu, na mama yake, Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa alizaliwa delta, upande wa Nyamisati. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na akisema jambo la kuchekesha uso wake haukubadilika, hata ukawa hujui ucheke au uombe radhi.

Wakati huo Kasimu alikuwa delta akikata boriti za mikoko. Kisha Bi Mwanahawa naye akaitwa huko, maana binti yake alikaribia kujifungua. Siku ya kuondoka alinionyesha vilindo viwili vikubwa vya gome la mti, vilivyowekwa juu ya uchaga, pale moshi wa jiko unapopita ili wadudu wasiingie. Ndani mlikuwa na mbegu ya mpunga, pishi ishirini na nne.

"Hiki ni shamba," akasema akikigonga cha kwanza. "Na hiki ni shamba. Usione vilindo."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia. Haya."

Akaenda zake.

Hata wiki haikupita, watu wakaanza kuvuka mto kutoka kusini, kutoka Nyamwage na milima ya Umatumbi, wamebeba mikeka na kuku na watoto. Mmoja alisema dawa ya maji inazigeuza risasi kuwa matone ya mvua. Mwingine, aliyemzika kaka yake siku mbili kabla, alizidi kukaza mwendo. Nyuma yao wakaja askari wa Mdachi, wakapita vijijini wakichukua kuku na nafaka. Lakini mimi, nakiri, sikuziogopa risasi kama nilivyoiogopa habari moja niliyoisikia kisimani.

Aliyeileta ni jirani yangu Zuhura. "Shoga, umesikia? Mzee Faki yuko bandarini na mtumbwi wa mwisho wa chumvi. Baada ya leo tutakula mchuzi chapwa kama wagonjwa."

"Wewe umenunua?"

"Nimenunua! Watu wanasukumana kule."

Sikumwuliza amenunua kiasi gani. Laiti ningemwuliza. Zuhura alikuwa amenunua vibaba viwili tu.

Nilikimbia bandarini. Mzee Faki alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, amezungukwa na wanawake, anapima kwa mikono na kusema kwa kinywa bila kupumzika. "Njoo bibi harusi! Chumvi inakimbia, nami nakimbia nayo!"

Siku zote pishi moja ya mpunga ilipata pishi moja ya chumvi. Siku hiyo alitaka mbili kwa moja. Nikamwuliza mbona imepanda.

"Haikupanda, bibi. Nyinyi ndio mmeshuka wote siku moja. Unataka kiasi gani?"

Mwanangu, sikujua. Nilipika kila siku, nikatia chumvi kila siku, na sikuwahi kujiuliza jiko langu linakula chumvi kiasi gani. Nilimwona mama mmoja mbele yangu ananyanyua kanda zima, kanda la ukindu lenye pishi sita. Nikaona kama yeye anachukua moja, basi mwenye akili zaidi atachukua mawili.

"Makanda mawili."

Mzee Faki akanitazama. "Nyumbani mko wangapi?"

"Tuko wengi."

"Basi uwachimbie na kisima."

Wanawake wakacheka, nami nikajifanya sikusikia. Mpunga wa kula uliokuwapo nyumbani ulikuwa haba. Nilirudi nyumbani, nikamimina mbegu ya vilindo vyote viwili, nikalipa kwa hiyo. Tena nisijipunguzie: si woga peke yake. Nilijiambia kwamba chumvi ikizidi kuadimika nitaibadilisha nipate mbegu maradufu, na mavyaa wangu, mama yake Kasimu, arudi akute mkwe tajiri.

Kwa kuwa askari walikuwa wakipekua nyumba, nilichimba shimo nyuma ya jiko. Ilikuwa Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini. Niliyafunga makanda kwa majani makavu ya mgomba, nikayafukia, nikafagilia takataka juu yake. Bakuli moja tu nilibakiza jikoni.

Sasa nimefika mahali ambapo Kasimu alikuwa akiruka. Vilindo vitupu ni vyepesi, na mwenye macho angeviona havikuketi sawasawa. Kwa hiyo nilivijaza makapi ya mpunga hadi juu, nikafunga vifuniko kama vilivyokuwa. Miaka yote Kasimu aliwaambia watu kwamba nilitoa mbegu nikachukua chumvi. Habari ya makapi hakuitaja hata mara moja, kwa kunistahi. Naisema mimi leo kwa sababu bila hiyo kisa kinakuwa cha mjinga tu, na mimi nilikuwa mjinga na mwongo pia.

Bi Mwanahawa alirudi na furaha, amepata mjukuu wa kiume. Siku ya tatu alimeza tonge, akanywa maji.

"Mkaza mwanangu, mchuzi huu umeuchota baharini?"

"Nimeghafilika, mama."

Kesho yake akameza tena, akanywa maji tena. "Leo pia umeghafilika?"

Sikufanya kusudi. Zamani nilipokuwa na chumvi kidogo chunguni, nilitia kwa ncha za vidole. Sasa nilijua ninayo tele ardhini, na mkono ukawa mzito wenyewe.

Mvua za vuli zikaja. Zilinyesha siku tatu bila kukatika, nasi tukawa tunamngojea Kasimu. Asubuhi ya siku ya nne jua lilitoka na bonde zima likanuka udongo mpya. Bi Mwanahawa akasema, "Leo tushushe mbegu."

Alinyoosha mikono miwili kukipokea kilindo. Kikaja kwa mkono mmoja. Alikiweka chini, akafungua, akayaacha makapi yapite kati ya vidole vyake. Kisha akanitazama.

"Hizi mbegu zimegeuka makapi zenyewe, au zimesaidiwa?"

"Zimesaidiwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mbegu ya mpunga wa bondeni husiwa ardhini katika mvua za vuli, mpunga upate kusimama kabla ya mto kufurika. Ukikosa siku hizo umekosa mwaka, na ule ulikuwa mwaka wa vita, ambao hakuna wa kumkopesha mwenzake. Niliona njaa yetu watatu imekaa pale ndani ya kilindo. Niliona pia njia ya kwetu, nikirudishwa na mkeka wangu kichwani.

Nilimweleza yote. Aliuliza tu, "Iko wapi hiyo chumvi?" Tukaenda nyuma ya jiko, nikachimba kwa haraka, angalau nimwonyeshe kwamba mali ipo. Makanda yalitoka yamelegea kama viriba vitupu. Mvua ya siku tatu ilikuwa imeinywa chumvi, ikaondoka nayo kwenda udongoni. Nikakaa matopeni nikalia kwa sauti.

Bi Mwanahawa aliinama, akachota udongo kwa ncha za vidole, akautia kinywani, akafumba macho. Wakati huohuo Kasimu akatokea kwenye kona ya nyumba, mzigo ungali begani.

"Mama! Unakula udongo?"

"Onja na wewe. Mkeo ndiye mpishi."

Kasimu alinitazama nilivyojaa matope, akamtazama mama yake, akatua mzigo, akaonja. Alitafuna kidogo.

"Chumvi imezidi," akasema.

Hapo ndipo nilipomwona Bi Mwanahawa akicheka kwa mara ya kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami huku nalia nikajikuta nacheka, wala sijui nacheka nini.

Alipotulia akafuta macho. "Kwetu delta chumvi hupikwa kutokana na udongo. Huyu ameirudisha ilikotoka. Kasimu, lete jembe. Na wewe inuka, ukatafute kuni."

Tulichimba udongo wa lile shimo na wa pembeni yake, kila mahali ambapo ulimi ulikiri chumvi. Tuliutia ndani ya kapu, tukaumwagia maji kidogo kidogo, yakachuja na kudondoka chunguni, kisha tukayachemsha mpaka yakakauka. Kazi ilikuwa ya siku tatu, macho mekundu kwa moshi. Tulipata pishi tano, rangi ya majivu. Zuhura alikuja akaonja, akatema.

"Bi Mwanahawa, hii ina mchanga."

"Ni mchanga wa hapa hapa, hautakudhuru."

Hata hivyo aliitaka, na wengine wakaitaka, kwa sababu kweli mitumbwi ilikuwa imeacha kupanda. Bwana mmoja alikuwa tayari kutoa pishi nne za mbegu kwa pishi moja ya chumvi yetu. Nilikwisha kupiga hesabu moyoni: mbegu karibu yote ingerudi kwa siku hiyo moja! Bi Mwanahawa akamwambia, "Mbili kwa moja, kama mkaza mwanangu alivyoinunua. Woga wa jirani siuuzi." Tukabakiza pishi moja ya jikoni, nne zikaleta mbegu pishi nane. Ilikuwa theluthi ya ile niliyoipoteza, na theluthi ya shamba ndiyo tuliyoisia mpunga. Kwingine tulipanda muhogo na maboga. Mwaka ule tulikula maboga mpaka Kasimu akadai ngozi yake inageuka njano. Lakini tulikula. Wengi katika nchi ile hawakupata hata boga, na wengi hawakurudi makwao. Siwezi kuuandika mwaka ule nisiwataje. Mungu awarehemu.

Siku tulipomaliza kusia, Bi Mwanahawa aliniketisha mlangoni pa jiko, ameshika kibaba mkononi.

"Nyumba hii inakula chumvi kiasi gani kwa mwezi?"

"Sijui, mama."

"Kibaba kimoja. Ramadhani, kibaba na nusu. Wewe ulinunua vibaba vingapi?"

Pishi moja ni vibaba vinne. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikapotea, nikaanza upya. Kasimu aliyekuwa uani akashindwa kujizuia.

"Arubaini na nane! Mke wangu amenunua chumvi ya miaka minne!"

Mama yake hakucheka safari hii. Alingoja mpaka Kasimu akanyamaza. "Pupa ya sokoni nimeisamehe siku ileile," akaniambia. "Ni makapi yaliyoniuma. Chumvi ilipotea, tukaitafuta udongoni tukaipata. Wewe ukijificha ndani ya nyumba yangu, nitakutafuta wapi?"

Nilimshika miguu, akaniinua.

Tangu mwezi ule, kila mwezi ulipoandama tulifunua vyombo vyote, sote watatu tumesimama: chungu cha chumvi, mafuta, kamba wakavu, mchele. Kilichobaki kilionwa na kila mtu, na kilichopungua kilisemwa. Bi Mwanahawa alipofariki tuliendelea wawili, mimi na Kasimu, miaka mingi. Mwezi huu nimefunua peke yangu. Mafuta ya taa yamebaki mengi kuliko miezi yote, maana hakuna tena anayekaa na kitabu.

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla hujauliza nyumba inataka fedha ngapi, jua inatumia vitu kiasi gani. Bei ataipanga mwenye duka, naye ataibadilisha bila kukuuliza. Kiasi cha jiko lako utakijua wewe peke yako, nacho hukijui mpaka ukipime mwezi mzima kwa mkono wako. Ukisikia watu wanakimbilia dukani, rudi kwanza nyumbani ukatazame vyunguni. Usidhani kununua vingi ni kuokoa, maana kilicho tele ndani hutumika kwa mkono mzito. Na fungu la kesho, liwe mbegu au karo ya mtoto, usiliguse kwa ajili ya kiungo cha leo.

Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyohiyo. Hasara iliyosemwa ina watu wa kuibeba pamoja nawe, tena wengine watakufanya ucheke huku unalia.

Mwenyezi Mungu akupe riziki inayokutosha, na akupe mtu wa kufunua naye vyungu kila mwezi unapoandama, mzeeke pamoja mkifanya hivyo. Amina.